Mkuu wa Polisi wa Wilaya Apewe Muda

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba mtu hahesabiwi kuwa wa nyumba mpaka ameshiriki kazi ya nyumba. Leo tunapenda kuitumia hekima hiyo kuzungumzia cheo ambacho ni nadra kuandikwa magazetini, ingawa kinagusa usalama wa kila mwananchi wa visiwani, nacho ni cheo cha Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Kwa maoni yetu, mara nyingi mno ofisa huyo huondolewa siku ile ya pili, kabla jembe halijamfika mkononi.

Yafaa kwanza ieleweke namna mtu anavyokifikia cheo hicho. Jeshi la Polisi ni moja kwa Jamhuri nzima, maana polisi imo katika mambo 11 yaliyokubaliwa tangu mwaka 1964 kuwa ya Muungano. Kwa hiyo kijana aweza kufunzwa ukonstebo Moshi, akapata ukoplo Tabora na usajini Tanga, akawa mkaguzi Dodoma, kisha akashuka bandarini Mkoani au uwanja wa ndege wa Mafia akiwa mrakibu, na wilaya nzima imo mikononi mwake. Wenyeji hawakumchagua, wala hawataulizwa siku atakapoondoka. Amri humtoka mkubwa wake, na mkubwa wake huitoa kwa mahitaji ya Jeshi zima.

Hatusemi kwamba utaratibu huo ni mbaya. Una faida ambayo haifai kubezwa. Ofisa asiye na shamba, mkwe wala deni katika wilaya aweza kumkamata mwenye nguvu pasipo kutetemeka. Katika kisiwa kidogo, ambako nusu ya watu ni jamaa na nusu nyingine ni majirani, jambo hilo lina thamani kubwa. Aidha, wahenga hao hao walituonya kwamba mazoea yana taabu. Askari aliyekaa mno mahali pamoja huanza kujua ni mlango upi wa kubisha hodi na upi wa kuupita kimya kimya.

Lakini kila faida ina gharama yake, na gharama hii hulipwa na wanyonge. Chukua mathalan mashauri ya udhalilishaji wa wanawake na watoto, ambayo yamekuwa fedheha kwa visiwa vyetu. Tunayo madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, na tunavyo vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini. Hata hivyo, mashauri mengi hufa kwa sababu tuijuayo sote: muhali. Mtuhumiwa ni ami, au ni mwalimu wa madrasa, au ni mwana wa jirani. Wazee hukutana, maneno hulainishwa, na shahidi siku ya mahakama haonekani. Ofisa aliyefika mwezi uliopita hajui ni nani amekutana na nani, wala hajui ni mama yupi angesema kama angehakikishiwa kulindwa. Na akishajua, barua ya uhamisho imo mfukoni. Anayemfuata huanza upya na jalada lenye vumbi, na mtoto aliyeumizwa hutakiwa kusimulia mkasa wake tena mbele ya uso mgeni. Ni mara ngapi mtoto atasimulia?

Ili tuone muda unavyoweza kuwa na thamani katika kazi hii, tutazame mfano wa mbali. Nchini Marekani hakuna jeshi moja la polisi. Kuna idara za polisi za miji kwa maelfu, nyingi zikiwa na askari wasiofika hata kumi, na kila mji hujiwekea mkuu wake. Katika mji wa Berkeley, California, mwaka 1905 wapiga kura walimchagua August Vollmer kuwa mlinzi mkuu wa mji. Alikuwa mpeleka barua wa posta, na elimu yake ya shule ilikuwa ndogo. Mwaka 1909 cheo chake kikageuzwa kuwa cha mkuu wa polisi. Aliwapandisha askari wake baiskeli, baadaye magari, akaanzisha shule ya polisi mwaka 1908, akawavuta wanafunzi wa chuo kikuu cha mji ule waingie kazini. Alistaafu mwaka 1932. Kwa miaka 27 aliongoza mahali pamoja, na mji mdogo ukawa mwalimu wa polisi wa nchi kubwa.

Sasa msomaji azingatie jambo la pili juu ya mtu yule yule. Mwaka 1923 jiji la Los Angeles, ambalo polisi yake ilikuwa imeoza kwa rushwa, lilimwazima Vollmer kwa mwaka mmoja. Alichunguza na kupanga, akaandika mapendekezo mazuri. Mwaka ulipokwisha akarudi kwao, na sehemu kubwa ya mapendekezo yale ikabaki katika karatasi. Mtu alikuwa yule yule, na akili yake ile ile. Kilichopungua ni muda. Kama mwaka mmoja haukumtosha bingwa huyo, tutawezaje kutarajia umtoshe mrakibu wetu, ambaye hana hata gari la kutosha wala mafuta ya kulitia?

Wala tusidhani kwamba Wamarekani wamekwisha kulipata jibu. Mwanafunzi wa Vollmer aitwaye O. W. Wilson aliiongoza polisi ya mji wa Wichita tangu mwaka 1928, akaisafisha, lakini mwaka 1939 akalazimika kuondoka baada ya kuwaudhi wakubwa wa mji kwa kuifuata sheria. Mkuu aliyewekwa na wenyeji huweza kuangushwa na wenyeji wenye fedha. Kwa hiyo hatuombi kuletewa mtindo wa Marekani. Tunaloliomba ni kwamba kinga tuliyo nayo dhidi ya wakubwa wa mahali isigeuke kuwa sababu ya kuwaacha wadogo wa mahali bila mlinzi anayewafahamu.

Lipo pia tatizo la heshima ya kazi yenyewe. Si siri kwamba wapo maofisa wanaokihesabu kituo cha kisiwani kuwa ni adhabu, au ni ngazi ya kukanyaga haraka kabla ya kurudi kwenye miji mikubwa. Anayefikiri hivyo hawezi kulaumiwa peke yake. Kama jina hutajika kwa operesheni kubwa za mjini, ilhali ofisa aliyezuia ugomvi wa mpaka wa shamba la mikarafuu usimwage damu hatajwi popote, basi kila mwenye akili atatamani mjini. Jambo lililozuilika halina picha ya kuweka gazetini. Na hilo ndilo hasa kazi ya mkuu wa polisi wa wilaya ndogo.

Wenyeji wa Pemba hawajausahau mwezi wa Januari 2001, pale raia na askari walipopoteza maisha, na watu wakavuka bahari kukimbilia Shimoni nchini Kenya. Yale yalikuwa matatizo ya siasa, na hatudai hata kidogo kwamba ofisa mmoja mwenye kukaa sana angeyazuia. Tunachosema ni kwamba baada ya siku kama zile imani hairejeshwi kwa tangazo. Hurejeshwa na mtu ambaye wananchi wamemwona msikitini, sokoni na mazikoni, mwaka baada ya mwaka, akitenda haki iliyo sawa. Wito wa polisi jamii, uliohimizwa sana wakati Said Mwema alipokuwa Inspekta Jenerali kati ya 2006 na 2013, ulikuwa na maana hiyo hiyo. Lakini polisi jamii bila polisi anayekaa katika jamii ni jina tu.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wanaohusika, katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi na katika Makao Makuu ya Polisi, wayafikirie mambo manne. Kwanza, Mkuu wa Polisi wa Wilaya katika visiwa akae muda usiopungua miaka mitatu, isipokuwa kwa ugonjwa au makosa. Pili, anayeondoka na anayeingia wakae pamoja angalau wiki mbili, wapite shehia kwa shehia, na kila shauri lililo wazi likabidhiwe kwa maandishi pamoja na hali ya mashahidi wake. Tatu, utumishi uliotimizwa vyema katika wilaya ndogo uhesabiwe waziwazi mtu anapopandishwa cheo. Nne, ili mazoea yasizae maovu, ukaguzi kutoka nje ya mkoa ufanywe kila mwaka, na wananchi wa kawaida wasikilizwe pasipo ofisa wao kuwapo.

Huenda likatolewa jibu kwamba maofisa ni wachache na mahitaji ni mengi. Hapana shaka ni kweli. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar, na ile ya 2022 ikawahesabu 1,889,773. Kazi imeongezeka sana katika miaka kumi tu. Lakini uchache wa maofisa ndio sababu hasa ya kutoupoteza ujuzi walioupata kwa jasho. Mwenye ndoo moja ya maji hana haki ya kuimwaga kila jioni.

Nasi wenyeji tusijitoe lawamani. Ofisa hata akae miaka kumi, hataambua kitu ikiwa sisi tutaendelea kuufanya muhali kuwa sheria iliyo juu ya sheria. Tukidai mkuu wa polisi anayetujua, tuwe tayari kujulikana. Tumwambie yaliyo kweli, tusimame mahakamani, na tusimwendee usiku kumwombea mtoto wa ndugu yetu. Serikali imwache mgeni huyu afike siku ya tatu, na sisi tusimfiche jembe.