Nyama nayo ipimwe dawa



Nina dukuduku kuhusu dawa za mifugo huku kwetu Tunduma.

Hivi karibuni nilimwona mfugaji mwenzangu akimchoma ng'ombe mgonjwa sindano ya oksitetrasaiklini, dawa aliyoinunua bila cheti cha daktari. Siku ya tatu akamuuza kwa mchinjaji. Nilipomwuliza, alinijibu, "Ndugu yangu, nikingoja akafa, nani atanilipa?"

Dawa hiyo ya asilimia 20 kwa kawaida huhitaji wiki tatu, nne au zaidi kabla nyama haijaliwa. Kuchemsha hakuondoi mabaki yote. Tena bakteria wanaozoea dawa ndani ya ng'ombe huweza kutufikia sisi, na siku tukiugua sindano isifue dafu. Mvumbuzi wa penisilini, Alexander Fleming, alionya tangu 1945 kwamba dozi pungufu huvifanya vijidudu kuwa sugu.

Wenzetu wa Uingereza hupima damu na mkojo wa farasi wa mashindano. Farasi aliyetibiwa kwa penisilini ya prokeni hakimbizwi mpaka dawa imtoke, kwa kuwa prokeni ni ganzi, huweza kuficha maumivu ya mguu. Hivyo hulindwa farasi, mpandaji na fedha za wacheza kamari. Je, sisi tunaokula ng'ombe tu duni kuliko wacheza kamari?

Sheria tunazo, ikiwemo ya Magonjwa ya Mifugo ya 2003. TMDA husajili dawa na Wakala wa Maabara ya Veterinari upo. Lakini mkaguzi wa machinjioni hutegemea macho, mikono na kisu, na mabaki ya dawa hayaonekani kwa macho. Zaidi ya hayo, Tunduma na Nakonde ya Zambia ni kama mtaa mmoja. Chupa ya dawa hupita mfukoni.

Nashauri mambo matatu. Kwanza, kibali cha kusafirisha mifugo kionyeshe dawa na siku mnyama alipochomwa mara ya mwisho. Pili, sampuli chache zichukuliwe machinjioni bila taarifa na kupelekwa maabara. Tatu, maelezo ya muda wa kungoja yabandikwe kwa Kiswahili kila duka la dawa na kila mnada.

Kumkamata mfugaji peke yake hakutoshi. Apatiwe daktari wa mifugo karibu, maana anayechoma kwa kubahatisha mara nyingi hana wa kumwuliza.

Wahusika mnasemaje?

Mfugaji,
Tunduma, Songwe.