Kumbe Shailoki ni Jina la Mtu!

Mpenzi msomaji, nina hakika neno shailoki si geni masikioni mwako. Uwe unakaa Kisauni, Malindi mjini au Kayole kule Nairobi, unajua fika kwamba shailoki ni yule bwana anayekopesha fedha bila ya maswali mengi, kisha akakushikia kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri. Walimu wamo daftarini mwake, askari wamo, na mama wauza samaki pia wamo. Neno hilo tunalitaja kutwa kucha, lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kujiuliza limetoka wapi?

Mimi niliulizwa swali hilo na mtoto wa shule. Likizo ya Agosti iliyopita nilifunga safari kwenda Gongoni kumjulia hali dada yangu. Kwa msomaji asiyepafahamu, ukitoka Malindi ushike barabara ya Garsen, ukivuka daraja la mto Sabaki tu umeshaingia Magarini. Utaipita Mambrui, na mbele kidogo utaanza kuona vilima vyeupe pe upande wa baharini. Hiyo ni chumvi. Shemeji yangu alivunja mgongo wake miaka mingi akiwa kibarua katika mashamba ya chumvi, kisha akajikusanya akanunua pikipiki, akaingia katika kazi ya bodaboda.

Nilipofika niliikuta nyumba imenuna. Chai ililetwa na mahamri yakaletwa, lakini mazungumzo hayakuwapo. Ilichukua hadi usiku ndipo dada aliponitolea yaliyo moyoni. Karo ya binti yao, aliye Kidato cha Tatu, ilipungua, na shemeji akaenda kwa shailoki mmoja wa hapo mjini, akakopa shilingi 30,000. Alitakiwa kurudisha 45,000 baada ya miezi mitatu, na logibuku ya pikipiki akaiacha huko. Miezi mitatu ikafika, shemeji hana kitu kwani aliugua wiki nne nzima. Sasa yule bwana ametuma watu mara mbili kusema kwamba Jumatatu anakuja kuichukua pikipiki yenyewe. Pikipiki ambayo thamani yake yapita laki!

Nina tabia moja, msomaji. Sisafiri bila kitabu. Safari hiyo nilibeba kijitabu kilichochakaa, Mabepari wa Venisi, yaani ule mchezo wa Shakespeare uliofasiriwa na Mwalimu Julius Nyerere na kuchapishwa mwaka 1969. Nilikuwa nikijikumbusha ujana ndani ya matatu. Nikakiacha juu ya meza, mpwa wangu akakiokota, akaenda nacho chini ya mkorosho. Siku ya pili yake alinijia mbio nikinawa uso.

"Mjomba! Kumbe shailoki ni jina la mtu!"

Naam, ni jina la mtu. Kwa faida ya vijana wasiousoma mchezo huo, nitausimulia kwa ufupi. Antonio ni mfanyabiashara wa mji wa Venisi. Mali yake yote imo majini, katika majahazi yaliyotawanyika dunia nzima. Rafiki yake Bassanio anahitaji fedha ili akamchumbie Portia, binti tajiri. Antonio hana fedha mkononi, basi anamwendea Shylock, mkopeshaji wa Kiyahudi, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akimtukana na kumtemea mate hadharani. Shylock anatoa dukati 3,000 kwa muda wa miezi mitatu, tena bila riba, kwa sharti moja tu: fedha zisiporudi siku ya ahadi, atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Habari zinakuja kwamba majahazi yamezama. Kesi inakwenda mahakamani, Shylock ananoa kisu. Portia anaingia akiwa amejigeuza mwanamume mwanasheria, naye anaushika mkataba neno kwa neno. Nyama umeandikiwa, anamwambia, lakini damu hukuandikiwa hata tone.

Mpwa wangu hakushangazwa sana na kile kisu. Kilichomshangaza ni ile miezi mitatu. "Kama baba," alisema.

Tazama sasa, msomaji, watu husema michezo hii ni ya kale mno na ya mbali mno. Ni ya kale, sikatai. Ulichapwa mara ya kwanza mwaka 1600. Lakini Fort Jesus, ambayo watoto wetu huitembelea kila mwaka kwa mabasi ya shule, Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Yaani fundi alipokuwa akipanga mawe Mombasa, huko London mtu alikuwa akiandika habari za mfanyabiashara aliyeitia roho yake rehani kwa sababu ya jahazi. Na habari za majahazi ni nani wa kumfundisha mtu wa Mambrui? Nenda ukalione lile kaburi la mnara hapo Mambrui, lililopachikwa vyombo vya kaure kutoka Uchina. Wenye kuliweka walikuwa watu walioishi kwa kungoja kusi na kaskazi, na kukopeshana mali ambayo haijafika pwani. Antonio angeketi barazani kwao wangeelewana kabla ya kahawa kupoa.

Hata jina la kitabu lina hadithi yake. Bepari hapo zamani alikuwa mfanyabiashara tu, neno tulilolipata kwa ndugu zetu wa Bara Hindi. Kufikia 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, bepari Tanzania alikuwa mnyonyaji. Mwalimu alilichagua neno hilo akijua anafanya nini. Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja, Mwalimu akawatia wote kapuni, Antonio na Shylock pamoja.

Nilimuuliza mpwa wangu kama mwalimu wake angekubali wakisome darasani. Akacheka. "Hakimo kwenye mtihani, mjomba."

Hapo ndipo shida yetu ilipo. Katika Kiswahili watoto wametahiniwa Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, wakatahiniwa Mstahiki Meya cha Timothy Arege, kisha Kigogo cha Pauline Kea, na baadaye Bembea ya Maisha cha Arege huyo huyo. Vitabu vizuri vyote, na ninafurahi kwamba ni vya wenzetu. Lakini vyote vimeandikwa baada ya mwaka 2000. Kwa upande wa Kiingereza walau A Doll's House ya Henrik Ibsen, ya mwaka 1879, ilisomwa hadi mtihani wa 2022. Kaka yake mpwa wangu aliifanyia mtihani huo. Nilipomuuliza inahusu nini, alinijibu pale pale: mwanamke aliyeghushi sahihi ya babake ili akope fedha. Deni tena! Hakuikumbuka kwa sababu ya alama, maana zenyewe hazikuwa nyingi.

Jioni tuliketi barazani na jirani yao, mzee aliyefundisha shule za Magarini maisha yake yote hadi akastaafu. Nilipomweleza wazo langu, kwamba michezo hii mikongwe irudi madarasani, alinitazama kwa huruma. "Mwanangu," akaniambia, "Mekatilili wa Menza amelala Bungale, hapa hapa Magarini. Mwaka 1913 aliwakusanya Wagiriama kwa ngoma ya kifudu, akawaapisha wasiwatumikie Waingereza. Wakamkamata, wakampeleka Kisii, akatoroka akarudi kwa miguu. Hilo si tamthilia? Wewe unatuletea Venisi."

Sikuwa na jibu la haraka, na sitakudanganya kwamba nililipata. Mzee alikuwa na haki yake. Shakespeare alitufikia akiwa amefuatana na bendera. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Alliance katika miaka ya 1950, ameeleza jinsi mchezo wa Shakespeare ulivyokuwa shughuli ya kila mwaka pale shuleni. Ndiye huyo huyo ambaye mwaka 1968, pamoja na Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, aliandika waraka wa kutaka idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi iondolewe, fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Lakini ukiusoma waraka ule vizuri, hawakusema vya wengine vichomwe moto. Walisema tuanzie nyumbani, kisha tutazame nje.

Nami ndivyo nisemavyo. Mekatilili kwanza. Aandikiwe tamthilia si moja, na zichezwe Marafa na Marereni kabla ya kupelekwa Nairobi. Lakini mtoto anayetamka jina la Shylock kila siku bila ya kumjua ameshaingiliwa na Shakespeare mlango wa nyuma. Afadhali tumpokee mlango wa mbele tumuulize habari zake. Hata mzee alicheka niliposema hivyo, ingawa hakuniambia kwamba nimeshinda.

Tena sitaki Kiingereza kile cha kale ambacho hata Waingereza wenyewe hukisoma na maelezo pembeni. Vitabu tunavyo kwa lugha yetu. Mwalimu Nyerere alitoa Juliasi Kaizari mwaka 1963, akiwa rais, akaisahihisha tena mwaka 1969. S. S. Mushi alifasiri Makbeth mwaka 1968, na mwaka 1971 akatoa Mfalme Edipode, mchezo wa Sophocles wa Ugiriki wenye umri wa zaidi ya miaka 2,400. Christon Mwakasaka alituletea Mkaguzi Mkuu wa Serikali wa Gogol, mchezo wa mwaka 1836, ambamo wakubwa wa mji mdogo wa Urusi wanamdhania mpita njia kuwa mkaguzi na kumjaza hongo. Sitasema ofisi gani za huku kwetu zingeuelewa mchezo huo bila tafsiri! Visomwe kwa sauti, muhula mmoja, bila mtihani. Mtihani ndio unaoua.

Lakini mwalimu awe macho. Mabepari wa Venisi si mchezo wa kuchezewa. Mwishoni Shylock ananyang'anywa mali yake na kulazimishwa kubadili dini, na watu wa mahakamani wanaona ni kichekesho. Mwaka 1943, mji wa Vienna ukiwa mikononi mwa Wanazi, uliwekwa jukwaani na Shylock akaonyeshwa kama kinyama cha kutia kinyaa, wakati Wayahudi wenyewe wakiangamizwa kwa mamilioni. Mtoto akiachiwa kitabu hicho bila mtu wa kumuuliza maswali, huenda akatoka na chuki badala ya akili.

Mpwa wangu hakuhitaji kuulizwa. Usiku ule, tukila wali na mbaazi, alisema ghafla: "Walimtemea mate, wakamwita mbwa, halafu wakaja kumkopa." Kisha akanyamaza kidogo. "Darasani kwetu yumo mtoto wa huyu anayemdai baba. Tunamwita mtoto wa shailoki. Hata mwalimu alishamwita hivyo."

Babake aliweka tonge chini. Hakuna aliyejibu.

Baadaye ndipo alipouliza ule mkataba wa pikipiki uko wapi. Ulikuwa sandukuni, umekunjwa mara nne. Shemeji alikuwa ametia sahihi bila ya kuusoma, kwa haya. Nani angesoma karatasi mbele ya mtu anayemhesabia fedha? Binti akausoma kwa sauti kwenye taa. Ulikuwa wa mistari kumi na mbili. Ulisema logibuku itashikwa mpaka deni liishe. Ulisema atakayechelewa ataongeza shilingi 500 kila wiki. Habari ya kuichukua pikipiki haikuandikwa popote. Ilikuwa kinywani mwa yule bwana tu.

Sisemi, msomaji, kwamba Shakespeare aliiokoa pikipiki. Karatasi ile ingeweza kusomwa na yeyote siku yoyote. Nasema tu kwamba ilikaa sandukuni miezi mitatu na sisi watu wazima, mimi na digrii yangu nikiwemo, hatukufikiri kuiomba.

Jumatatu yule bwana alikuja kweli. Alikuwa mtu wa makamo, mpole kuliko nilivyotazamia, na kandambili zake zilikuwa zimeshonwa kwa waya. Aliitwa mzee wa mtaa, karatasi ikasomwa tena, wakakubaliana alipwe 4,000 kila mwezi. Alipokuwa akiondoka mpwa wangu alimsalimu shikamoo, jambo ambalo dada aliniambia halijapata kutokea. Alisimama kidogo, akaitikia marahaba, akaenda zake.

Kitabu nimekiacha Gongoni. Kina kurasa mbili zilizonyofoka, tena katika ile sehemu ya mahakamani, na mpwa wangu ameniandikia mara mbili akizidai, kwani yeye na wenzake watano wanataka kuucheza chini ya mkorosho likizo ijayo. Yule mtoto wa mkopeshaji ameomba awe Portia. Basi msomaji, ikiwa una nakala iliyokamilika kabatini, hebu nitolee kivuli cha kurasa hizo uniletee.