Mwenye Kuandamwa Asikizwe Mapema

Katika mila zetu za pwani, mgeni hupiga hodi mlangoni. Akiitikiwa huingia, akipiga hodi tatu na asiitikiwe, hurudi zake bila ya kinyongo. Adabu hii si pambo la Waswahili tu. Msingi wake umo katika Surat Nnur na mafunzo ya Mtume (S.A.W.), nasi tumesomeshwa chuoni tangu tungali wadogo. Kwa hivyo yatupasa sisi, kuliko watu wengi, kumtambua upesi yule aliyeambiwa "sikutaki" na bado haondoki mlangoni.

Huyo ndiye mwenye kuandama watu. Leo anasimama mkabala wa duka anakofanya kazi mwanamke. Kesho anapiga simu mara ishirini. Kesho kutwa analeta zawadi ambayo haikutakiwa, kisha anamwuliza jirani saa anazotoka na njia anayopita. Kila tendo ukilitazama peke yake ni dogo. Kusimama njiani si kosa, wala kupiga simu si kosa. Na hapo ndipo askari wa kaunta anapotabasamu na kusema, "Huyo anakupenda tu, mama. Nenda nyumbani."

Chuoni mtoto huanza kwa kutaja herufi moja moja. Aweza kuzijua zote, na bado asiweze kusoma mpaka afunzwe kuziunga. Maoni yangu ni kwamba hilo hasa ndilo linalotakiwa kufunzwa askari, waendesha mashtaka na mahakimu wetu: kuziunga herufi.

Nchi zilizotangulia kutunga sheria juu ya jambo hili zina funzo kwetu, na funzo lenyewe ni chungu. Jimbo la California, Marekani, lilitunga sheria yake mwaka 1990. Uingereza ilipitisha sheria dhidi ya bughudha mwaka 1997, na mwaka 2012 kumwandama mtu kukafanywa kosa mbali. Lakini sheria hizo hazikumwokoa Shana Grice, msichana wa miaka 19 wa pande za Brighton. Katika muda wa miezi sita aliwaendea polisi mara tano kumshitaki Michael Lane. Kwa kuwa hakuwaeleza kwamba aliwahi kuwa na uhusiano na mtu huyo, polisi walimtoza yeye mwenyewe faini ya pauni 90 kwa kuwapotezea wakati! Baadaye Lane aliiba ufunguo, akaingia chumbani mwa binti yule alfajiri. Polisi wakampa onyo kwa wizi wa ufunguo, basi. Mwezi wa Agosti 2016 alimwua nyumbani mwake na kukitia moto chumba.

Tazama basi, msomaji. Sheria ilikuwapo, polisi walikuwapo, na mashitaka yaliandikwa. Kilichokosekana ni jicho la kuona kwamba ufunguo ule haukuwa wizi wa ufunguo. Mwaka 2017 Jane Monckton Smith na wenziwe walichungua mauaji 358 ya wanawake huko Uingereza, wakakuta dalili za kuandamwa katika asilimia 94 ya mauaji hayo. Siku hizi polisi wa huko hufunzwa kutafuta mambo manne: fikira zilizomganda mtu mmoja, shauku isiyopoa, vitendo asivyovitaka mtendewa, na kurudiarudia.

Sasa turudi kwetu. Kenya ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani. Sheria hiyo inataja waziwazi kuandamwa, bughudha, vitisho, na hata kuingia kwa nguvu katika makao ya mtu ambaye huishi naye. Haiwahusu walio katika ndoa peke yao. Inawagusa pia walioachana na waliokuwa wachumba. Askari amepewa wajibu wa kumweleza mlalamikaji njia za kupata kinga, na mahakama yaweza kutoa amri ya kumkataza mtu kusogea. Aliye nje ya mahusiano hayo, anayeandamwa na mtu baki, kinga hiyo haimfikii vyema. Na hilo ni pengo ambalo Bunge lafaa kuliziba.

Hata walio ndani ya sheria wanaangamia. Mwezi wa Septemba 2024 Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyetoka kukimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na aliyekuwa mpenzi wake, nyumbani kwake Endebess, Trans Nzoia. Alifariki siku chache baadaye. Wazazi wake walisema kwamba habari za mtu yule zilikuwa zimekwisha kufikishwa kwa polisi.

Mafunzo ninayoyataka si ya anasa. Askari aanze kwa kuuliza, "Hii ni mara ya ngapi?" Mashitaka yote ya mtu mmoja yawekwe katika faili moja, kwa tarehe. Asimwambie mwanamke atupe laini yake ya simu, kwa maana humo ndimo ulimo ushahidi. Ajue kwamba wakati wa hatari kubwa aghalabu ni pale mwanamke anapokwisha kuondoka. Naye hakimu, akiombwa dhamana, atazame mfululizo wa mambo, asitazame kosa la mwisho tu.

Makadhi wetu nao wasiachwe nyuma. Kazi yao kwa Katiba ni ndoa, talaka na mirathi, lakini mbele yao huja mwanamke aliyeachwa, eda imekwisha, na mume angali akimvizia njiani. Surat al-Baqara imekataza mume kumrejea mke kwa nia ya kumdhuru. Seuze yule aliyekwisha kuwa huru! Kadhi akizitambua dalili, amwelekeze mapema kwa polisi na kwa hakimu.

Najua watakaosema kwamba mambo haya yamalizwe kwa wazee. Suluhu ni jambo jema kwa watu waliogombana. Lakini hapa hakuna ugomvi wa wawili. Yupo mmoja anayekimbia na mmoja anayewinda, na kuwakalisha mkeka mmoja ni kumpa mwindaji nafasi nyingine ya kusogea. Wengine wataogopa kwamba vijana watasingiziwa. Askari aliyefunzwa ndiye kinga yao pia, kwa sababu huuliza tarehe, mashahidi na ujumbe, wala hahukumu kwa uvumi. Mwenye kuposa kwa heshima, akakataliwa na akaenda zake, hana la kuogopa.

Wenye mamlaka ya polisi na mahakama wasingoje mazishi mengine ndipo waitishe semina. Mwanamke anayefika kituoni kwa mara ya tatu amekwisha kupiga hodi zake zote. Yampasa aitikiwe.