Mwanao akisema anaendelea na hisabati

Mama mmoja wa Nakuru ameniandikia barua ambayo nimeisoma mara tatu. Bintiye amefuzu chuoni kwa daraja la kwanza katika hisabati, na benki moja imekwisha kumwita kazini. Badala ya kuichangamkia kazi hiyo, binti anasema anataka kuendelea na masomo. Kwanza shahada ya uzamili, halafu ile ya uzamifu, ambayo humfanya mtu aitwe daktari bila kumdunga mgonjwa sindano hata siku moja. "Dada mwandishi," mama huyu anauliza, "kwani hisabati haina mwisho? Na huyu mtoto atakula nini?"

Ningeweza kumjibu kwa mistari miwili. Lakini maswali hayo nimeyasikia ndani ya nyumba yangu mwenyewe kwa muda wa miaka minne, na mara nyingine aliyeyauliza ni mimi.

Kitinda mimba wa kwetu alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule moja ya upili. Alikuwa ameajiriwa kwa kudumu, na uzamili alikuwa ameupata kwa kusoma wakati wa likizo. Jioni moja alifika Umoja, ninakoishi na mume wangu na watoto wetu wawili, akanywa chai vikombe vitatu, kisha akatuambia ameacha kazi. Alitaka kuingia chuoni moja kwa moja, afanye utafiti. Baba yetu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na hesabu ndizo alizofundisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilipompigia simu Kitale kumpa habari, alinyamaza hadi nikadhani laini imekatika. Halafu akasema, "Hesabu ina jibu. Ukishalipata unafunga kitabu." Mwezi mzima hakuzungumza na mwanawe.

Kosa la baba ni kosa letu wengi. Shuleni mtoto hupewa swali ambalo mwalimu analijua, na jibu limo nyuma ya kitabu. Mtihani wa shahada ya kwanza nao ni vivyo hivyo. Utafiti wa uzamifu hauna nyuma ya kitabu. Mtu anatafuta jambo ambalo hakuna anayelijua, si msimamizi wake wala maprofesa wa ng'ambo, kisha alithibitishe kwa hoja isiyo na mwanya hata mmoja. Mtaalamu wa dawa akiwatibu panya mia, tisini na wanane wakapona, ataandika makala na kupigiwa makofi. Mwanahisabati akijaribu mifano milioni moja, yote ikamkubalia, bado hajathibitisha kitu. Mmoja tu unaofuata waweza kumwangusha.

Tazama mfano huu, ambao unaweza kuufanya na watoto mchana wa leo. Chukueni ramani ya Kenya yenye kaunti 47 na kalamu za rangi. Waambie waipake rangi kwa sharti moja: kaunti mbili zilizo na mpaka mmoja zisiwe na rangi moja. Zikigusana kwa ncha tu, si neno. Je, zitahitajika rangi ngapi? Nne zatosha. Tena si kwa Kenya pekee, bali kwa ramani yoyote utakayoichora kwenye karatasi, mradi kila eneo liwe kipande kimoja.

Jambo hili liliulizwa mwaka 1852 na kijana Mwingereza, Francis Guthrie, alipokuwa akipaka rangi ramani ya kaunti za kwao. Baadaye Guthrie alihamia Afrika Kusini akawa profesa wa hisabati mjini Cape Town, lakini jibu hakulipata. Mwaka 1879 wakili mmoja wa London, Alfred Kempe, alichapisha uthibitisho, na wajuzi wakaukubali. Ilipofika 1890, Percy Heawood akaonyesha kwamba uthibitisho huo una shimo. Miaka 11 ulikuwa umesomwa na watu wenye akili zao, wasilione! Heawood naye hakuweza kuliziba. Alichoweza ni kuokota vipande vya kazi ya Kempe akathibitisha kuwa rangi tano zinatosha. Zile nne zilingoja hadi mwaka 1976, Kenneth Appel na Wolfgang Haken wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walipoitumia kompyuta kwa zaidi ya saa 1,000. Hesabu mwenyewe: miaka 124 kwa swali ambalo mtoto wa darasa la pili analielewa.

Kazi ya ndugu yangu ni jamaa ya swali hilo. Alinieleza katika mwaka wake wa pili, juu ya meza yangu ya jikoni. Alichora kwa chaki viduara kadhaa, kila kimoja kikiwa somo la mtihani. Kama kuna mwanafunzi anayefanya masomo mawili, basi viduara hivyo viwili aliviunganisha kwa mstari. Halafu akatia punje: haragwe jekundu ni mtihani wa asubuhi ya Jumatatu, la manjano ni alasiri, njahi ni asubuhi ya Jumanne, ndengu ni alasiri yake. Viduara vyenye mstari kati yao haviwezi kupewa punje ya aina moja, la sivyo kuna mtoto atakayetakiwa kukaa vyumba viwili kwa saa moja. Yeye alikuwa akichunguza aina fulani ya michoro hiyo, akitaka kuthibitisha kwamba punje za aina kadhaa zitatosha daima, hata mchoro uwe mkubwa kiasi gani. Ile ilikuwa siku ya kwanza nilipoelewa anachokifanya, na nikaona aibu kwamba sikuwa nimeuliza mapema.

Kwani kwa macho, kazi hiyo haionekani. Mtafiti wa kilimo huja nyumbani na matope kwenye viatu. Wetu alikaa dirishani akitazama ukuta wa ploti ya jirani. Watoto walisema, "Mjomba analala macho wazi." Msaidizi wetu wa nyumbani aliniita kando akaniuliza kama mjomba ana ugonjwa. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta githeri imeungua, moshi umejaa jikoni, naye ameketi mle mle jikoni na karatasi mapajani. Nikamfokea mbele ya watoto: "Wenzako wanajenga, wewe unatazama ukuta!" Hakunijibu. Alizima jiko, akasugua sufuria mpaka ikang'aa. Tangu kesho yake akawa anabaki maktabani hadi saa nne za usiku, akirudi anakula chakula baridi gizani ili asituamshe. Hali hiyo ilidumu mwezi mzima, na sufuria ile ninayo hadi leo.

Fedha nazo zilikuwa kero. Alikuwa akifundisha kwa saa katika vyuo viwili, na malipo yakaja baada ya miezi, mengine hayakuja. Karo ya mwaka wa tatu nililipa nusu kwa pesa zangu za chama nilizokuwa nimezitenga kwa ajili ya ploti. Mume wangu alinuna, na simlaumu.

Basi, katika mwaka huo wa tatu akapangiwa kueleza matokeo yake mbele ya idara. Nyumbani Kitale mama alikwisha kununua kitenge cha mahafali. Mimi niliomba ruhusa kazini nikaenda kuketi nyuma kabisa. Alijaza ubao mara mbili, na wazee wale wakawa wanatikisa vichwa kwa kukubali. Halafu msichana mmoja wa uzamili akainua mkono, akaomba chaki. Akachora nukta kumi na moja na mistari yake. Mchoro mdogo tu. Ulitimiza kila sharti alilolitaja ndugu yangu, lakini hatua ya nne ya uthibitisho wake haikuuhusu hata kidogo. Sikuelewa walichosemezana, ila niliuelewa uso wake. Alimshukuru yule msichana, akaunakili mchoro kwenye daftari, akaketi.

Ndani ya matatu hakusema neno. Tuliposhuka akaniambia, "Dada, miezi kumi na minne imekwenda."

Wazazi mnaosoma, hapa ndipo ningependa mkae kidogo. Hakuwa mvivu, wala hakuwa mjinga. Katika hisabati mtu anaweza kufanya kazi kwa bidii mwaka mzima na asibaki na hata takwimu za kuonyesha, kwa kuwa dai lililothibitishwa nusu halijathibitishwa. Wengi huacha masomo wakiwa hapo, kimya kimya, na nyumbani husemekana walishindwa na karo.

Aliyemwokoa ni msimamizi wake. Alimpa juma moja la kupumzika, kisha akamwita na kumwuliza swali moja: je, hatua hiyo ya nne ni ya kweli kwa michoro ipi? Wakaanza kukutana kila Alhamisi. Ilichukua miezi saba, naye akapata kundi dogo zaidi la michoro ambalo kwalo uthibitisho wote unasimama, kama Heawood na rangi zake tano. Tasnifu ikaandikwa juu ya kundi hilo. Mwenzake aliyeanza naye mwaka mmoja alikuwa na msimamizi mwenye jina kubwa, aliyemjibu mara moja kwa muhula. Mpaka naandika haya, mwenzake huyo hajamaliza.

Kwa hiyo mama wa Nakuru, kabla ya kuuliza chuo ni kipi, mwambie binti aulize msimamizi ni nani. Amewafikisha wangapi mwisho? Hukutana nao mara ngapi? Je, yeye mwenyewe bado anachapisha? Aulize pia wanafunzi wake wa sasa, faraghani. Humu nchini uzamifu huhesabiwa miaka mitatu kwa uchache, lakini wengi hupitisha, na vyuo hudai mwanafunzi awe amechapisha makala katika majarida yanayokaguliwa na wataalamu. Majarida ya hisabati ni ya polepole. Makala yaweza kukaa mwaka mzima kabla ya kujibiwa, maana mkaguzi hufuata kila mstari. Kuna majarida mengine yanayojibu baada ya siku tano na kudai ada kabla ya kitu chochote. Hayo ayakimbie.

Kuhusu karo, asikubali kuanza kwa matumaini tu kama tulivyofanya sisi. Taasisi ya AIMS, iliyoanzia Cape Town mwaka 2003 na ambayo ina vituo Rwanda na nchi nyingine za Afrika, imesomesha vijana wengi uzamili wa hisabati kwa ufadhili. Karibu zaidi kuna Juja, ambako Umoja wa Afrika una tawi la Chuo Kikuu cha Pan African ndani ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, na huko hisabati inasomwa hadi uzamifu. Marekani, vyuo vingi huwapokea wenye shahada ya kwanza moja kwa moja katika uzamifu, wakawalipia karo na kuwapa posho ili wafundishe wanafunzi wa chini. Ila huko miaka mitano ni ya kawaida, na kuna mitihani migumu mwanzoni.

Na atakula nini? Nafasi za kudumu za uhadhiri ni chache, nisimdanganye mtu. Ndugu yangu mwenyewe, baada ya kutetea tasnifu yake, anafundisha kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Mabenki na kampuni za bima huwachukua wenye hisabati, na huko Kilifi watafiti wa KEMRI na Wellcome hutumia hisabati kukadiria jinsi magonjwa yanavyoenea. Baba hupenda kutukumbusha kwamba marehemu Profesa George Saitoti alipata uzamifu wake wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, mwaka 1972, akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na bado akaenda kutafuta mkate kwenye siasa. Hilo nalo ni jibu la aina yake. Kazi ya benki aliyoitiwa binti si ya kudharauliwa, na kama moyo wake umegawanyika, aichukue. Lakini kama ni mtu wa kutazama ukuta, ataendelea kuutazama hata akiwa benki.

Baba alikuja Nairobi Agosti iliyopita kupimwa macho, akalala kwetu siku nne. Usiku wa kwanza alimwambia kijana, bila kumtazama, "Hebu nionyeshe huo mchoro wa yule msichana." Wakaketi hadi wakati nilipokwenda kulala. Nilipoamka saa kumi na moja niandae chai, nilimkuta mzee peke yake jikoni, miwani puani, nukta kumi na moja zimechorwa kwa chaki mezani pangu na punje zimetapakaa kila mahali. Alikuwa akisogeza njahi moja huku na huku, akiguna.

Nikanyoosha mkono nikusanye zile ndengu niziloweke.

"Hizo usizipike," akasema. "Sijamaliza."