Mwili Nao Una Haki

Katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, mchai hupogolewa kila baada ya miaka michache. Ukiuona siku ile utadhani umekufa, kumbe ndivyo unavyopata nguvu ya kuchipua upya. Mwili wa mwanamichezo nao ni vivyo hivyo.

Julai 2025, Beatrice Chebet, mzaliwa wa Kericho, alikuwa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 5,000 chini ya dakika 14. Mwezi huohuo Ons Jabeur wa Tunisia, aliyefika fainali ya tenisi ya Wimbledon mwaka 2022 na 2023, aliweka raketi chini apumzike, baada ya kupambana na majeraha na kukosa furaha uwanjani.

Huyo hakushindwa, alijipogoa. Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kwamba mwili una haki juu yetu. Basi akina mama mnaoamka kabla ya alfajiri, mkalala wa mwisho, na homa mkaificha, jueni kwamba kupumzika si uvivu. Nanyi waume na watoto, msingoje mama aanguke. Mpokeeni mzigo leo.