Wao Wanajitolea kwa Posho, Sisi Tunajitolea kwa Nauli



Wiki hii tangazo la aina moja limenifikia mara nne kwenye makundi ya chuo. Anatafutwa kijana mhitimu wa kujitolea, awe na shahada, awe anajua kompyuta, Kiingereza kimenyooka, na kama ana laptop yake mwenyewe ni vizuri zaidi. Malipo? Uzoefu. Na chini yake vijana hamsini wameshaandika "nipo tayari".

Nataka tuongee ukweli kuhusu neno hili kujitolea, maana kuna watu wanatunyonya kupitia hilo na sisi tunawashukuru.

Marekani nako vijana wanajitolea. Peace Corps ilianza 1961 chini ya Rais Kennedy, na mwaka ule ule, ambao ni wa Uhuru wetu, ikaleta watu wake Tanganyika. Mhitimu wa kule akija kufundisha hesabu miaka miwili huko Njombe, anakatiwa tiketi ya ndege, anapewa posho ya kuishi na matibabu, na akimaliza anakabidhiwa zaidi ya dola 10,000 za kuanzia maisha. Halafu kwa mwaka mmoja idara za serikali kuu yao zinaruhusiwa kumwajiri bila kumpitisha kwenye ushindani wa wazi. Huko ndiko kujitolea kwao! Princeton in Africa nayo, tangu 1999, imekuwa ikileta wahitimu kwenye mashirika ya Afrika kwa mwaka mmoja mmoja, na hawaji kuishi kwa maji na hewa.

Mimi sina ugomvi na hao vijana. Wengine wanajifunza Kiswahili mpaka wanatuzidi. Nchi yao imeamua kwamba mwaka wa kijana una thamani, ikaulipia. Ugomvi wangu ni na wenye ofisi hapa nyumbani.

Nilipokuwa fildi, kwenye shirika moja ambalo silitaji, nilimkuta dada mmoja mhitimu wa sheria aliyekuwa "anajitolea" mwaka wa pili sasa. Yeye ndiye alikuwa anasikiliza wateja, yeye anaandika ripoti ya mfadhili, yeye anamtafsiria mgeni wa programu kila kitu mpaka bei ya nyanya. Mgeni alikuwa na bima na posho ya kila mwezi. Dada alikuwa anapewa nauli, tena ikiwepo. Mgeni alipoaga akapewa cheti na vitenge. Pilau la kumuaga alipika dada.

Ukiuliza unajibiwa eti mgeni kaja na hela zake. Sawa, lakini Global Health Corps, iliyoanzishwa 2009, ilikuwa inapanga vijana wawili wawili, mgeni na mwenyeji ofisi moja, huko Uganda, Rwanda, Malawi na Zambia. Kwa hiyo inawezekana. Bosi anayeandika maandiko ya miradi kila mwaka anashindwa nini kuweka mstari mmoja wa posho ya kijana wa hapa? Mafuta ya gari lake hayajawahi kusahaulika.

Na serikali ndiyo kabisa. Viongozi wakisimama jukwaani wanawaambia wahitimu wajitolee wapate uzoefu. Wajitolee wakila nini? Mwenye chumba Sinza hapokei uzoefu. Ukweli ni kwamba wanaoweza kufanya kazi mwaka mzima bure ni watoto wa wenye nazo, kwa hiyo "uzoefu" wanaoudai kwenye usaili unageuka kuwa kitu cha kununua. Mtoto wa mkulima wa Kasulu kashatolewa kabla hajatuma barua.

Sasa nisikilizeni kwenye sheria, maana hapa wengi wetu tunalala. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema anayemfanyia mtu kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata mkataba uwe umeitwa jina gani, ikiwa kuna hata kigezo kimoja kati ya vilivyotajwa. Mojawapo: anapangiwa namna ya kufanya kazi au saa za kazi. Kingine: amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Piga hesabu. Saa 45 kwa yule dada zilikuwa zinaisha wiki ya kwanza ya mwezi! Na Katiba, ibara ya 23, inatambua haki ya ujira unaolingana na kazi.

Mwajiri ataleta ubishi, atasema ulikuja kwa hiari. Mwache aseme, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Wewe anza leo kutunza meseji za kupangiwa zamu, picha za daftari la mahudhurio, barua pepe za "naomba ripoti kabla ya saa kumi". Mahali pa kupeleka ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na muda ni mfupi: siku 30 kama umeachishwa, siku 60 kwa migogoro mingine. Walio kwenye hali hiyo wajitokeze kwenye vikao vya matawi, wanasheria wa jumuiya tupo, tuzijaze hizo fomu pamoja.