Nani Alishinda Mwaka Ule?

Lowell, Massachusetts

Kwenu wazee wa bodi, walimu, na nyinyi wenzangu mliosoma sekondari Kitengela, Isinya, Kajiado mjini na kwingineko katika kaunti yetu,

   

Nataka tuzungumze kuhusu vikombe. Karibu kila shule niliyowahi kuingia pande zetu ina kabati la vioo katika ofisi ya mwalimu mkuu, na ndani yake vikombe vilivyofifia rangi. Ukiinama kusoma unakuta mchezo, mwaka, na maneno "Wilaya ya Kajiado", kutoka enzi za kabla ya kaunti. Aliyezikimbia mbio zenyewe haandikwi. Wasichana wanne walipokezana kijiti, wakawaacha wenzao nyuma, na kilichobaki ni bati lenye masikio mawili. Halafu toka nje hadi langoni. Pale kuna ubao mkubwa wenye wastani wa KCSE na idadi ya waliopata nafasi chuo kikuu. Sina ugomvi na ubao huo, maana mimi mwenyewe nilipita kwenye hesabu zake. Ila shule inayokumbuka alama za mtihani na kusahau miguu ya watoto wake imejiandikia historia nusu.

Katika mji huu ninakoishi, ukuta mzima wa ukumbi wa shule ya upili umejaa picha za wanamichezo wa zamani, nyingine za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Wengi wao hawakufika popote kimichezo. Huyu alikuja kuwa fundi bomba, yule muuguzi, mwingine ana duka la mbao. Walikuwa hodari wakiwa na miaka 17, basi, na hilo limetosha kuwaweka ukutani. Mara kwa mara huitwa kwa chakula cha jioni, majina yakasomwa, wajukuu wakapiga makofi. Wamarekani wanapenda kujisifu, tunalijua hilo. Kwa jambo hili waacheni wajisifu.

Najua kuna atakayesema: hao wana pesa. Basi tuondoke Marekani twende Iten.

Iten ni mji mdogo kwenye ukingo wa bonde, Elgeyo Marakwet, na hapo ndipo ilipo shule ya upili ya St. Patrick's. Mwaka 1976 alifika mtawa kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, kufundisha jiografia. Riadha hakuwa ameisomea. Alitazama vijana wakikimbia, akajifunza kwao, akawa kocha. Katika shule hiyo alipita Ibrahim Hussein, Mwafrika wa kwanza kushinda New York Marathon, mwaka 1987, na Boston, mwaka 1988. Alipita Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka huo huo wa 1988. Alipita Mathew Birir, bingwa wa Olimpiki wa kuruka viunzi na maji mwaka 1992. Alipita Wilson Kipketer, aliyekuja kuiwakilisha Denmark na kuweka rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997. Waliotwaa ubingwa wamepandiwa miti katika uwanja wa shule, kila mti na kibao chenye jina. Mwanafunzi mgeni anayekwenda kuchota maji anapita chini ya kivuli cha bingwa. Mche wa mti unauzwa bei gani Kitengela? Tuseme ukweli, pesa si kisingizio.

Sasa mtaniuliza, sisi Kajiado tuna nani wa kumpandia mti? Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri.

Mwanafunzi wa Kajiado akishinda mbio za kaunti, hatua inayofuata ni kanda ya Bonde la Ufa. Fikirieni maana yake. Mtoto wa Bisil au Mashuuru anajipanga mstari mmoja na watoto wa Nandi, Uasin Gishu, Elgeyo Marakwet na Baringo. Hao ndio wanaokuja kuitetemesha dunia baadaye. Anayemaliza wa saba katika mbio hizo pengine angekuwa bingwa wa taifa katika nchi nyingine nyingi, lakini kwetu anarudi mikono mitupu, anapanda matatu ya Namanga, na Jumatatu yuko darasani kama kwamba hakuna kilichotokea. Ukihesabu medali za taifa, utasema Kajiado hapakuwa na wakimbiaji. Saa iliyokuwa mkononi mwa mwalimu wa michezo ilisema mengine, ila hakuna aliyeandika.

Nilisoma na dada mmoja hodari wa mbio za nyika. Alikimbia peku hadi ngazi ya mkoa, na alichorudi nacho ni nambari ya kifuani. Leo anauza mitumba Kitengela. Simtaji jina kwa sababu sijamwomba ruhusa, na hilo ni mojawapo ya mambo ninayotaka tuyafanye kwa adabu. Wengine wa rika letu mbio ziliwapa kazi: jeshi, polisi na magereza huajiri wanariadha, na cheti cha mashindano ya shule kimemfungulia mlango kijana ambaye alama zake zilikuwa zimeufunga. Hao nao ubao wa langoni hauwahesabu.

Na msidhani sisi Wamasai hatuna ukoo katika mbio. Ndugu zetu wa Kilgoris wametoa Billy Konchellah, bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 1987 na tena 1991. Wametoa Daniel Rudisha, aliyekuwa katika kikosi cha mita 400 kupokezana kilichopata medali ya fedha katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Mwanawe David, aliyelelewa kimbio na yule yule Bruda Colm, alitoka mbele katika mita 800 za Olimpiki ya London mwaka 2012 tangu bunduki ilipolia, hakumngoja mtu wa kumvuta, akamaliza kwa dakika 1:40.91. Hadi naandika barua hii rekodi hiyo ya dunia bado inasimama.

David Rudisha ni mlezi wa ile michezo ya Kimana, hapo hapo kwetu Kajiado Kusini, iliyoanzishwa mwaka 2012 na shirika la Big Life pamoja na wazee, ili morani wapimane nguvu kwa mbio, mkuki, rungu na kuruka wima hadi kichwa kiguse kamba, badala ya kumwinda simba. Desemba 2022, akitoka kwenye michezo hiyo, ndege ndogo aliyokuwa amepanda ilianguka pande za Imbirikani. Mungu alimhifadhi. Mtu huyo nusura afie katika ardhi yetu kwa sababu ya vijana wetu. Sijui ni shule ngapi za kaunti zina picha yake hata moja.

Halafu kuna Ngong. Patrick Makau, mtoto wa Ukambani aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2011, alijinoa kwenye vilima vile. Hellen Obiri vilevile, kabla ya kuhamia Colorado. Aliposhinda Boston mwaka 2023, na akarudia 2024, nilimwambia jirani yangu Mmarekani kwamba huyo ni wa kaunti yangu. Ni mzaliwa wa Kisii, najua. Mtu aliye ughaibuni husamehewa mambo kama hayo.

Lakini barua hii si ya Obiri. Mabingwa wana watu wa kuwaandika. Nawaombea wale wa shule zetu wasio na wa kuwaandika, na ninachoomba ni kidogo kuliko basi la shule tunalochangia kila mwaka bila kulimaliza. Nunueni daftari kubwa la jalada gumu. Aandikwe kila aliyeiwakilisha shule kuanzia ngazi ya wilaya kwenda juu: jina, mwaka, mchezo, alikofika, na muda wake kama kuna anayeukumbuka. Wasichana waandikwe kwa jina walilokimbilia, kisha la sasa, maana wengi walibadilisha majina walipoolewa na ndiyo sababu hawapatikani. Golikipa aandikwe, na wa voliboli, na wa mkuki. Ulizeni akina mama. Vyeti vingi viko kwenye masanduku ya bati chini ya vitanda. Kabla ya kutundika picha ya mtu, aulizwe kwanza.

Miti ikipandwa, isiwe ya kuiga Iten. Kule kuna mvua. Kwetu tupande mgunga, oltepesi wetu, nao uzungushiwe miiba siku hiyo hiyo kabla mbuzi hawajapata habari. Na tafadhali, siku ya kupanda asialikwe mwanasiasa. Akija, ataongea saa mbili na kibao kitaandikwa jina lake.

Gharama ya daftari na fremu naibeba mimi. Kazi moja siwezi kuifanya nikiwa huku. Mwalimu wetu wa michezo amestaafu, yuko upande wa Isinya, na naambiwa macho yamepungua nguvu ingawa kumbukumbu bado ni kali. Mmoja wenu afike kwake kabla ya likizo ya Aprili, na kalamu. Apeleke pia sukari na majani ya chai, kwa sababu mzee yule hajawahi kuanza hadithi bila kikombe mkononi.

Wenu,
Mwanafunzi wa zamani